Malengo ya kazi hufia kwenye yatokanayo

Chukua muhtasari wa kikao wa ofisi karibu yoyote hapa kwetu, Unguja au Pemba, iwe ya serikali, ya hoteli, ya jumuiya au ya skuli. Ruka ufunguzi na dua, pita mahudhurio, uende moja kwa moja kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Utakutana na maneno haya: "Suala hili linaendelea kufanyiwa kazi." "Lipo katika hatua za mwisho." "Wahusika wanaendelea kulifuatilia." Sasa fungua muhtasari wa miezi mitatu nyuma. Utayakuta yale yale, kwa suala lile lile. Hakuna aliyelipinga lengo hilo, wala aliyesema halina maana. Linahamishwa tu kutoka muhtasari mmoja kwenda mwengine, mpaka siku katibu anapoacha kuliandika.

Wakubwa wakiona hivyo husema wafanyakazi hawana ari, na dawa inayoletwa ni semina: siku mbili ukumbini, bangokitita, kazi za makundi, posho, picha ya pamoja. Mimi sikubaliani na utambuzi huo wa ugonjwa. Ari ya siku ya semina ni ya kweli, na watu huondoka pale wakiwa na nia safi kabisa. Kinachokosekana ni kitu cha kuishika nia ile wiki ya tano, mashine ya kuchapisha ilipoharibika, mwenzako yuko likizo na bosi ameleta kazi ya dharura. Kitu hicho ni utaratibu wa kuulizana, wenye siku yake, saa yake na daftari lake. Bila huo, lengo zuri na lengo bovu huishia pamoja.

Na utaratibu huo tunaujua. Wafanyakazi hao hao ambao lengo la ofisi limewashinda, wengi wao ni wanachama wa vikundi vya hisa mtaani au kijijini, na huko hesabu zinakwenda. Tazama vinavyoendeshwa. Kikundi kinakutana kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Kila mwanachama anaitwa kwa namba yake, anatoa hisa zake mbele ya wote. Fedha zinahesabiwa hadharani. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, wala hakuna hata mmoja kati yao anayelala na sanduku. Anayechelewa anatozwa faini ndogo iliyokubaliwa mwanzo. Mzunguko una mwisho unaojulikana, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, watu wanagawana na kuanza upya. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima, na umeota mizizi visiwani kwetu kwa sababu haumtegemei mtu mmoja mwenye bidii. Hata mwenyekiti akiumwa, Jumamosi kikao kipo na namba saba ataitwa.

Utafiti wa saikolojia unakwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 2016 Benjamin Harkin na wenzake walikusanya majaribio 138 yaliyopima kama kufuatilia maendeleo kunasaidia watu kufikia malengo yao. Kulisaidia, na kulisaidia zaidi pale maendeleo yalipoandikwa mahali, na pale yalipotangazwa mbele ya wengine. Yaani daftari, na kikao.

Lengo likishaandikwa, litafute shuka

Kabla ya kufuatilia lazima kuwe na kitu kinachofuatilika. Edwin Locke na Gary Latham walitumia miongo kadhaa kuonesha kwamba lengo mahususi na gumu kiasi hutoa matokeo bora kuliko kumwambia mtu "jitahidi kadiri uwezavyo". "Kuboresha huduma kwa wageni" ni jitahidi iliyovaa suti. Huwezi kusimama Septemba 30 ukasema limefikiwa au halikufikiwa.

Nichukue hoteli ndogo ya vyumba 20 pwani ya mashariki, kila chumba kitanda kimoja. Wageni wanatoka saa nne asubuhi, wapya wanaingia saa nane mchana, na malalamiko makubwa ni kusubiri mapokezi mpaka saa kumi. Lengo linaloandikika ni hili: kufikia Mei 31, kila siku ya wiki, vyumba vyote vinavyoingiza wageni viwe tayari kabla ya saa nane. Linapimika kwa karatasi moja mapokezi, inayoandikwa saa ambayo kila chumba kilikabidhiwa.

Timu nyingi husimama hapa. Lengo limeandikwa, limebandikwa ukutani, wahudumu wa vyumba wameambiwa waongeze kasi. Na halitafikiwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza chumba kinachelewa kwa nini. Fuatilia chumba kimoja kilichochelewa tangu mgeni alipotoka mpaka ufunguo ulipokabidhiwa, na mara nyingi utaikuta sababu yenyewe stoo.

Kawaida ya kazi ya hoteli ni kuwa na seti tatu za mashuka kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwa dobi, moja stoo. Tuseme hoteli yetu ina seti mbili tu. Vitanda 20, seti 40. Ishirini zimetandikwa, 20 ni akiba. Leo wageni wa vyumba 12 wanatoka. Seti 12 zinatoka stoo, zilizovuliwa zinakwenda kufuliwa. Kukiwa na jua, jioni zimeshakunjwa na kurudi. Lakini Aprili, mvua ya masika inanyesha tangu alfajiri, mashuka yananing'inia chini ya makuti siku mbili bila kukauka. Kesho wanatoka wageni wa vyumba vyengine 12, na stoo zimebaki seti 8. Vyumba vinne vitasubiri hata ukileta wahudumu wa vyumba mara mbili ya ulionao.

Kwa hiyo lengo ni la vyumba, lakini kazi ya kwanza ni ya mnunuzi: seti 20 za ziada ziwe stoo kabla ya Machi 10. Kazi ya pili ni ya meneja: makubaliano ya maandishi na dobi wa mjini mwenye mashine ya kukaushia, bei ikiwa imeshajulikana. Ya tatu ni ya mapokezi: orodha ya vyumba vinavyotoka kesho ifike kwa msimamizi wa vyumba kila jioni kabla ya saa kumi na mbili, ili aanze na vile vyenye wageni wa mapema. Kasi ya wahudumu inakuja ya nne.

Nimekaa kwenye mashuka makusudi. Kila lengo lina shuka lake, yaani kitu cha kawaida kilicho nyuma, mikononi mwa mtu ambaye hakualikwa kwenye kikao cha malengo. Kwenye kituo cha afya, lengo la dawa kutoisha linaweza kuwa linakwama kwenye daftari la stoo lisilojazwa tangu mwezi jana. Kwenye skuli, lengo la ufaulu linaweza kuwa linakwama kwenye vitabu vilivyofungiwa kabatini na ufunguo kwenda na mwalimu aliyehamishwa. Usiandike hatua hata moja kabla hujakaa na mtu anayeigusa kazi kwa mikono na kumwuliza: ikichelewa, huwa inachelewa wapi?

Na malengo yasizidi matatu kwa robo mwaka. Najua mpango kazi una 14. Mengine 11 ni kazi za kila siku, na zitaendelea kufanywa kama zinavyofanywa. Matatu ndiyo yatakayoulizwa kila wiki.

Jina moja, siku moja

Kwenye safu ya mhusika, ukiona "Idara zote", "Kamati" au "Uongozi", ujue hapo hakuna mtu. Andika jina moja la mtu aliye hai na aliyepo kazini, hata kama kazi itafanywa na watu sita. Huyo ndiye atakayejibu. Akienda likizo, anamkabidhi mwengine kwa jina, na jina linabadilishwa daftarini siku hiyo hiyo.

Kila hatua iwe ndogo kiasi cha kumalizika ndani ya wiki mbili. Hii ni kanuni ninayoisisitiza kuliko zote, na sababu yake ni asilimia. Hatua kubwa huripotiwa kwa asilimia: "Tumefika asilimia 80." Mwezi ujao asilimia 85. Mwezi wa tatu 90, na imekaa hapo mpaka mwaka unaisha, kwa sababu hakuna ajuaye asilimia 10 iliyobaki ni kitu gani. Ivunje. "Kuandaa mwongozo wa wafanyakazi wapya" ni hatua ya miezi. "Kupata nakala za miongozo miwili ya zamani kutoka masjala" ni ya siku tatu, na jibu lake ni imekwisha au bado. Kwenye hali ya hatua, daftari liruhusu maneno matatu tu: Imekwisha, Bado, Imefutwa.

Kisha mhusika aandike lini, wapi na kwa ishara gani ataanza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionesha mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga kwa sura ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi" ana nafasi kubwa zaidi ya kutekeleza kuliko mwenye nia tupu. Mwaka 2006, yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 na matokeo yakasimama. Ubongo unaacha kujadiliana na nafsi kuhusu wakati mzuri, unangoja ishara. Katika hoteli yetu: "Jumatatu nikishafungua ofisi, kabla ya kusoma barua pepe, nampigia muuza mashuka wa Darajani na kuomba bei ya seti 20." Na kwa vizuizi vinavyojulikana: "Ikifika saa nne asubuhi na mvua bado inanyesha, mashuka yanapakiwa kwenye gari kwenda kwa dobi wa mjini, bila kuomba ruhusa." Hayo maneno ya mwisho yana thamani kubwa. Kazi nyingi hapa kwetu hukwama zikisubiri ruhusa ya mtu aliye safarini, kwa jambo ambalo angeliridhia kwa neno moja. Ruhusa itolewe siku ya kupanga, pamoja na kiwango chake cha fedha.

Robo mwaka ina wiki ngapi kweli

Kwenye karatasi, robo mwaka ni wiki 13, siku 65 za kazi. Hakuna timu Zanzibar iliyowahi kuwa na siku 65 za kulifanyia kazi lengo lake.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Ukianza hapo, robo ya kwanza watu wanasubiri fedha ziingie, kwa hiyo hatua zisizohitaji fedha ndizo zipangwe mwanzo. Robo ya pili inakwenda vizuri mpaka katikati ya Disemba. Kuanzia hapo hadi Januari 12, ofisi za serikali zimo kwenye shamrashamra za Mapinduzi, mawe ya msingi na uzinduzi wa miradi, na huwezi kumpata mkurugenzi. Robo ya tatu, miaka hii, ndiyo yenye Ramadhani. Mfungo unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mpango ulionakiliwa kutoka miaka mitano nyuma umeiweka Ramadhani mwezi ambao haimo tena. Saa za kazi zinapungua, mchana nguvu zinapungua, kumi la mwisho watu wanakesha, na baada yake Idi, ambayo kwetu haishi kwa siku moja. Robo ya nne ni masika, barabara za vijijini zina maji, hoteli nyingi zinapunguza wafanyakazi au kufunga kabisa Aprili na Mei, na wizara zimo Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi kutetea bajeti mpaka Juni.

Ukiyaweka hayo yote kwenye kalenda, utaona kuwa kupanga wiki 13 ni kujidanganya. Panga hatua za wiki 10, na kwenye robo yenye Ramadhani panga za wiki 8. Wiki zilizobaki si za kupumzika. Ndizo zitakazomeza yaliyochelewa.

Tabia hii ya kuona muda mwingi kuliko uliopo ni ya binadamu wote. Roger Buehler na wenzake, mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu huko Canada watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa siku 33.9. Wakaulizwa tena: na mambo yote yakienda vibaya kabisa? Wakasema 48.6. Walitumia 55.5. Makisio yao mabaya kabisa yalikuwa na matumaini kupita kiasi. Tiba iliyo rahisi ni kutomwuliza mtu anadhani itachukua muda gani, bali kufungua jalada na kutazama kazi kama hiyo mara ya mwisho ilichukua muda gani. Kama kibali kilichopita kilichukua wiki saba, hiki nacho andika saba, hata kama safari hii mnamjua mtu pale ofisini.

Si kila timu inafaa kuhesabu kwa wiki. Vikundi vya mwani, kwa mfano, kazi yao inakwenda na bahari. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvu linaingia, maji yanakupwa mbali, wanawake wako shambani wakifunga na kuvuna. Katikati yake ni maji mafu, shamba halifikiki vizuri, na hapo ndipo pa kuweka kikao. Mwani unachukua takriban wiki 6 kutoka kufungwa hadi kuvunwa, yaani bamvu tatu. Basi lengo la kikundi nalo lihesabiwe hivyo: kama mnataka mwani wote uanikwe kwenye chanja na usiguse mchanga, bamvu la kwanza miti na nyavu zipatikane, la pili chanja nne ziwe zimesimama, la tatu mavuno yaanikwe juu yake. Mtaalamu akija na fomu ya wiki kwa wiki, wanachama wataijaza kwa adabu na kuendelea na mwezi wao. Afadhali fomu iufuate mwezi.

Dakika ishirini za kila wiki

Sasa kikao chenyewe. Kiwe Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumatatu watu wanapokea yaliyolala mwisho wa wiki, na Ijumaa ikishafika saa tano akili na miguu viko msikitini, kama inavyostahiki. Saa tatu kamili ni wakati mzuri, hata Ramadhani. Kisizidi dakika 20, na kisiwe ndani ya kikao kikubwa cha idara, kwa sababu huko kitamezwa na taarifa.

Daftari liwe moja, la karatasi au la kompyuta, lenye safu tano: namba, kitendo, jina, siku, hali. Kundi la WhatsApp si daftari. Kazi iliyotolewa humo saa mbili usiku, saa tatu imeshafunikwa na salamu, dua za mgonjwa na picha ya harusi. Agizo likitoka kwenye simu, liandikwe daftarini, na kama halijaandikwa, lihesabiwe halijatolewa.

Mwendeshaji anasoma hatua ambazo siku yake imefika, kwa mpangilio wa namba, bila kuruka ya mkubwa. Kwa kila moja anauliza: Imekwisha? Jibu ni ndiyo au bado. Kama bado: Kipi kimezuia? Kisha: Nani hapa anaweza kukiondoa, na lini? Jibu hilo linaandikwa kama hatua mpya, yenye jina na siku. Ufafanuzi mrefu unahamishiwa baada ya kikao, kwa wale wawili wanaohusika. Dakika tano za mwisho kila mtu anasema hatua moja anayoimaliza kabla ya Jumanne ijayo. Ndiyo basi, watu warudi kazini.

Ugumu wake hapa kwetu ni heshima. Kijana wa miaka 28 anamwulizaje mtu wa umri wa baba yake, mbele ya watu, kwa nini hakufanya? Wengi wanaona ni utovu wa adabu, wananyamaza, na yatokanayo yanaendelea kufanyiwa kazi milele. Heshima hiyo sitaki ipotee. Inalindwa kwa mambo matatu. La kwanza, daftari ndilo linalouliza. "Mzee wangu, namba nne ilikuwa ya jana, tuiandike imekwisha au bado?" ni swali juu ya namba nne. La pili, mkuu wa timu awe na hatua zake daftarini, na aulizwe wa kwanza. Siku atakaposema kwa utulivu "bado, sikupata saini, nitaifuata kesho saa nne", wote wataona kuwa neno bado halimvunjii mtu heshima. La tatu, sababu za ndani ya mtu haziulizwi mezani. Aliyesema bado mara mbili mfululizo anafuatwa pembeni, mlango umefungwa, anaulizwa hali yake. Pengine anauguza. Pengine hajui kuitumia programu na ameona haya kusema. Pengine kazi haiwezekani, na yeye ndiye pekee anayejua.

Na inshallah. Ni neno la imani, pahala pake ni kwenye kila ahadi, wala asitokee mtu akawaambia wafanyakazi waliache. Linaambatana na siku tu: "Alhamisi kabla ya adhuhuri, inshallah." Lisilo na siku, mwendeshaji aombe siku kwa upole, aiandike.

Wiki ya tatu au ya nne kikao kitaahirishwa mara ya kwanza. Kutakuwa na sababu nzuri sana, mgeni kutoka wizarani au msiba. Hapo ndipo panapovunjika. Kiahirishwe kwa siku moja, kamwe kisiahirishwe kwa wiki. Na kuwe na mwendeshaji wa pili anayejulikana tangu mwanzo, kama zile funguo tatu za sanduku la hisa.

Namba inapogeuka bwana

Kuna hatari ya upande wa pili. Namba ikishikwa kwa ukali sana, watu wanailisha namba na kusahau kazi. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016, baada ya kubainika kuwa wafanyakazi waliobanwa na malengo ya mauzo walifungua akaunti bila ya idhini ya wateja. Kwenye hoteli yetu, ukimbana msimamizi kwa saa nane tu, chumba kitakabidhiwa saa saba na nusu kikiwa na taa mbovu na maji ya moto hayatoki. Kwa hiyo kila namba ya kasi ipewe mwenzake wa ubora: vyumba vilivyokabidhiwa kabla ya saa nane, pamoja na vyumba ambavyo mgeni alirudi mapokezi kulalamika saa ya kwanza. Zitazamwe zote mbili kila wiki, ubavu kwa ubavu. Moja ikipanda na nyengine ikiharibika, punguza shinikizo, rudi stoo ukatazame.

Zana moja zaidi kabla ya kuanza robo, kutoka kwa Gary Klein, aliyeieleza mwaka 2007. Timu inakaa na kuambiwa: tuseme robo imekwisha na lengo limeshindwa vibaya, kila mtu aandike kimya kimya, dakika tano, ni kwa nini. Karatasi zinakusanywa bila majina na kusomwa. Kwetu inafaa kweli, kwa sababu mdogo anapata njia ya kusema asichoweza kumwambia mkubwa usoni. Itasomwa "mnunuzi ana duka lake, hatanunua kwengine", na uongozi utajua pa kuanzia.

Unguja na Pemba

Kwa taasisi zenye ofisi pande zote mbili, lengo lililopangwa Unguja na kupelekwa Pemba kwa barua linachukuliwa kuwa la Unguja. Afisa Mdhamini, yaani msimamizi wa ofisi ya Pemba, analipokea, analisambaza, na taarifa inarudi ikiwa imejaa michakato. Ofisi ya Pemba iwe na daftari lake lenye hatua zilizoandikwa na watu wa Pemba wenyewe, kwa hali ya Pemba: vifaa vinavuka na meli, bahari ikichafuka havivuki, na msimu wa karafuu ukiwa mzuri mtu unayemtafuta huenda yuko shambani na familia nzima, mikarafuuni na kwenye majamvi. Kikao chao wakifanye wenyewe. Jumatano mwendeshaji wa Chake Chake na wa mjini wazungumze kwa simu dakika 10, wasomeane hatua za "bado" tu, hasa zile ambazo kizuizi chake kiko ng'ambo ya pili. Saini inayosubiriwa mjini ionekane kwenye daftari la mjini, kwa jina la mtu wa mjini.

Mwisho wa robo, kaeni saa moja na nusu na daftari zima. Hesabuni hatua zilizokwisha siku yake, zilizochelewa, na zilizofutwa. Lengo ambalo halikufikiwa lisihamishwe lenyewe kwenda robo ijayo. Lisomwe kwa sauti, timu iulizwe kama bado inalitaka. Likitakiwa, liandikwe upya na hatua mpya, maana za zamani zimeshajionesha kuwa hazitoshi. Lisipotakiwa, liandikwe Limefutwa, tarehe, na sababu kwa sentensi moja, na mkuu aweke saini. Katibu atapata ruhusa ya kuliondoa kwenye muhtasari, na nafasi yake kati ya yale matatu itakuwa wazi.